Baba yake babu yangu alikuja Mombasa kwa jahazi: nianzie wapi kuitafuta asili yake?

MwanaKibokoni:
Assalaam aleikum wakubwa zangu. Baba yake babu yangu alikuja na kaskazi kutoka Arabuni. Nyumbani husemwa tu "alikuwa Mshihiri". Aliuza maji kwa mitungi, akafungua kiduka cha tende, akaoa Mdigo wa Likoni, na hakurudi kwao tena. Nimebaki na Msahafu wake. Ndani ya jalada pameandikwa jina lake, la babake na la babuye, kisha neno linaloanza na "Ba", na namba 1301. Ofisi moja nimeiendea mara tatu, naambiwa hakuna faili. Shangazi yangu anakaribia miaka tisini, na ni yeye tu aliyebaki aliyemsikia babu akisimulia. Naogopa kuchelewa.

Nahodha Mstaafu:
Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo 1301 ni Hijria. Mwaka huo ulianza Novemba 1883 ukaisha Oktoba 1884. Usiuchukue kuwa ndio mwaka aliofika, huenda ndio alioupata Msahafu. Na "Mshihiri" lisikupeleke moja kwa moja Shihr. Ile ilikuwa bandari ya Hadhramaut, kusini mwa Yemeni, na huku pwani Wahadhrami wote, yaani watu wa Hadhramaut, waliitwa hivyo, hata wa mabonde ya ndani: Doan, Shibam, Seiyun, Tarim. Ufunguo wako ni hilo neno la "Ba". Hilo ni jina la ukoo, na koo zile zina kwao kunakojulikana.

Bint Makadara:
Ndugu yangu, acha ofisi kwanza, nenda kwa shangazi leo na simu ya kurekodi. Usimuulize "alitoka wapi?", atakujibu "Arabuni" na mazungumzo yatakufa. Muulize nani alikuja kula Idi kwao, matanga yalipokuwapo nani alitumiwa habari kabla ya majirani, jahazi likiingia mzee alipokea nini, barua zake nani alimsomea. Mimi ya kwangu niliipata kwenye habari za matanga, baada ya miaka ya kuhangaika na makaratasi.
Na bibi wa Likoni usimwache. Wadigo walikuwa wakifuata nasaba ya mama, kwa hiyo upande huo huenda ukaupata upesi kuliko wa mzee.

Karani wa Zamani:
Kama alikuwa na nyumba au shamba, kuna sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliyowataka wenye ardhi wa pwani kupeleka madai yao yaandikwe. Tafuta jina la babake pia, maana makarani wa Kizungu waliandika Kiarabu kwa kusikia, herufi zikaenda ovyo. Mirathi iulizie mahakama ya kadhi. Na Mombasa ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, kwa hiyo usiipite Hifadhi ya Nyaraka ya Kilimani, Zanzibar.

Mjukuu wa Pate:
Jakarta, Indonesia, kuna chama cha Rabithah Alawiyah, wana vitabu vya nasaba za Wahadhrami.

Nahodha Mstaafu:
Hivyo ni vya masharifu. Kama ukoo wake si wa masharifu asijibandike humo. Mzee ametuachia jina lake ndani ya Msahafu, tumheshimu nalo.

MwanaKibokoni:
Nimetoka kwa shangazi sasa hivi. Matanga hakumbuki. Nilipomuuliza jahazi lilileta nini alinyamaza, kisha akasema: "Asali. Babu yako alisema mzee alikuwa akiilamba kwa kidole, akilia, akisema hii ya nyumbani."

Nahodha Mstaafu:
Allahu akbar. Asali ya Hadhramaut yenye sifa ni ya Doan. Iliuzwa kila mahali, kwa hiyo si ushahidi peke yake, lakini mtu halilii asali ya dukani. Msomee shangazi majina ya miji ya bonde hilo polepole: Hajarain, Khuraiba, Sif. Mtazame usoni.

MwanaKibokoni:
Alfajiri nipo kwake.