Roboti yetu iseme Kiswahili gani?

Mwana_Katuba:
Jambo yenu bote. Tuko batu saba huku Lubumbashi, tuko natengeneza filme ya dakika 20, kamera ni ya kukopa na makuta inatoka mu mifuko yetu. Ni ya roboti ya rulaje, ile ya kuongoza motokari, yenye kusimama pa njia panda na mama moya mwenye kuuzisha mikate pembeni yake. Mawazo ilinikamata Kinshasa, wakati niliona zile roboti ingenieri Thérèse Kirongozi na shirika yake Women Technology banatengeneza, ya kwanza ilisimama 2013, mwili ya aluminiumu, inatumika na sola, inanyoosha mukono, kifua inageuka na taa yake nyekundu na kijani. Mvua ikanyesha, batu bote bakakimbia, yenyewe paka kunyoosha mukono. Ile picha haijanitoka.

Sasa shida: mu senario roboti inasema. Mwenzetu moya anataka iseme Kiswahili bora, sawa ile ya mu Biblia, juu ni mashini. Miye naona batu ba hapa habataipenda. Mungefanya namna gani? Na kwa mavazi yake munishaurie vilevile.

Fundi_Ruashi:
Kwa mavazi, usitumie chuma hata kidogo. Nilishaka tengenezea kikundi cha teatre mutu wa mabati, ilikuwa muzuri sana machoni, lakini ilikuwa mwezi wa kumi na jua ya mwezi wa kumi munaijua, kijana akakaa ndani nusu saa akaanguka, nikamufungua na turnevisi mikono inatetemeka. Tangu ile siku natumiaka muse, ile sponji ya matela ya zamani, unakata, unapaka kole, inakauka vizuri kabisa, njo unapiga rangi ya feza. Pa viungo shona kitambaa cheusi. Pa mugongo toboa matundu, kamera haitaiona. Na kila dakika kumi umutoshe mutu, umupatie mayi.

Mwalimu_Bukavu:
Mi niko Bukavu, nafundisha. Kwa luga musichague moya. Ianze na bora, "Mama, tafadhali ondoka barabarani", sababu mashini inasemaka vile ilifundishwa, na ile yenye kuifundisha haikusikiaka mama zetu wakisema. Telefone yangu inasomaka Kiswahili, lakini ukiisemesha sawa vile tunasemaka nyumbani inapotea. Kisha siku zipite, roboti isikilize batu pale njia panda, ichukue neno moya moya, paka siku inamuambia "Mama, ujitoshe, motokari inakuya". Hapo batu batajua ilikuwa nabasikiliza wakati yote.

Na jambo ingine. Hii neno roboti ilianza mu tamthilia ya Mucheki Karel Čapek, 1920, mukubwa wake Josef njo alimupatia neno. Kwa Kicheki robota ni kazi ya lazima, ile mukulima alikuwa nafanyia bwana wa shamba bila malipo. Muiweke mu kichwa mukiandika.

Yaya_Kamalondo:
Mwalimu, ile robota imenipiga. Babu yetu alitumika mu shaba wakati ya Babeleji, hapana jina, banamuita na numero. Uzeeni ukimuuliza tarehe ya kuzaliwa anatafuta, ukimuuliza numero anaitosha mbio mbio, anasimama wima. Mwana_Katuba, roboti yako iko na jina ao numero?

Na betri yake, muliwaza? Kobalti ya betri nyingi za dunia inatoka kwetu, zaidi ya nusu, Kolwezi hapa hapa. Ule mama anaweza kuwa na mutoto kreseri kule, mwenye kuchimba madini na mikono. Mashini tunaiona sawa mugeni, kumbe udongo yetu iko mu kifua yake.

Mwana_Katuba:
Aksanti sana, bandugu. Sikuwaza numero hata siku moya, leo tumeiandika pa kifua. Mutoto kreseri anaingia mu senario.

Fundi, muse tumepata.

Kwa luga tulienda asubui kujaribu na mama wa kweli mwenye kuuzisha mikate hapa Katuba. Tukamusomea roboti kwa Kiswahili bora. Akabeba beseni yake, akasema "huyu ni wa serikali, miye naondoka." Tukamurudisha, tukamusomea ile ya Mwalimu, "Mama, ujitoshe, motokari inakuya". Akaangalia kijana wetu mwenye kuvaa kile kichwa, akamuuliza: "Na weye, ulishakula?" Iko mu kamera, hatutaikata.