Volti zinayumba pampu inapowaka

Swali (Wete): Assalamu alaikum. Kibadilishi changu hupandisha volti 12 za betri ya sola hadi 24 kwa pampu ya kisima, lakini pampu inapowaka volti huyumba sana. Je, kidhibiti kinachojirekebisha kitafaa?

Jibu (Unguja): Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kitafaa, kwa sababu tabia ya kibadilishi cha aina hiyo hufuata mzigo, hivyo vigezo vilivyopangwa bila mzigo haviendani na mkondo mkubwa wa pampu. Kidhibiti hicho hukadiria mzigo kila mara na kujipanga upya.

Jibu (Chake Chake): Naongeza, tena kwa msisitizo: usikiharakishe. Ukirefusha muda ambao swichi ya ndani ya kibadilishi inapitisha umeme, volti za pato (zinazotoka kwenda kwenye pampu) hushuka kwanza kabla ya kupanda, na kidhibiti chenye pupa huzidisha myumbo. Anza kwa kudhibiti mkondo wa koili ya ndani ya kibadilishi.