Waliokulia nyumba za makabila mengi na anthropolojia: tupeane uzoefu

Mpangaji wa Uani
Wakuu, salamu. Nimeona picha ya nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ile ya korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma na bomba moja la wote. Tuseme chumba cha kwanza wapo Waluguru, kinachofuata Wachaga, mbele Wangoni, na mwenye nyumba Mzaramo. Mtoto wa humo anasikia neno "mjomba" kutwa nzima, ila uzito wake unabadilika kila mlango. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kwenye ardhi ya ukoo. Kwa Wachaga ukoo unafuata baba. Mjomba anaheshimiwa, lakini kihamba, yaani shamba la ukoo, hakigawi yeye. Mtoto akishaligundua hilo, maswali hayamwishi. Wenye ujuzi, udadisi huo unageuzwaje kuwa kazi ya anthropolojia, yaani elimu ya kuchunguza jamii na mila za watu? Naomba hatua, si sifa.

Kaunta Buku
Anza na chati ya ukoo. Karatasi kubwa, penseli, kifutio. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, alama ya = ni ndoa. Mstari wa wima unashuka kwa watoto. Wa mlalo unapita juu ya vichwa vya ndugu wa tumbo moja. Marehemu mpitishie mstari wa mshazari. Unayeanzia kwake mpake rangi nzito, maana kila jina la undugu linahesabiwa kutoka kwake. Panda vizazi viwili, shuka viwili.

Sasa panapoharibika. Mwanaanthropolojia Mwingereza W.H.R. Rivers, aliyeianza njia hii kwenye safari ya utafiti ya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea, ya mwaka 1898 na kuieleza kwa kirefu mwaka 1910, alijibana kwa maneno matano tu: baba, mama, mtoto, mume, mke. Ukiuliza "shangazi zako ni akina nani?" utaletewa dada wa baba, mke wa mjomba na jirani wa chumba cha nne. Hata "baba" peke yake ni mtego, kwa sababu baba mdogo naye ni baba. Uliza: "Aliyekuzaa hasa ni nani? Naye alizaliwa na nani? Huyo aliyemzaa alizaa na wengine gani, kuanzia wa kwanza?" Majina yakiisha ndipo urudi juu na kumuulizia kila mmoja: "Huyu wewe unamwitaje? Yeye anakuitaje?" Andika majibu yote mawili.

Wanaosahaulika ni wale wale: waliofariki wadogo, wake walioachika, na upande wa mama mzima. Kwa hiyo chati ya baba ihakikishe kwa bibi.

Mama Chumba cha Tatu
Naunga mkono. Hasa hilo la bibi.

Mtani Halali
Mmeruka utani wa makabila, na ndio mlango wenyewe wa kuingilia kazi hii! Mtoto anaona Mngoni anamtukana Mhehe mbele za watu na wote wanacheka. Utani ule umetokana na vita vya karne ya 19, kwisha.

Bandari ya Zamani
Kwisha vipi, ndugu yangu? Wanyamwezi na Wazaramo utani wao ni wa njia ya misafara, wapagazi wakishuka pwani. Usitupe sababu moja kwa nchi nzima.

Mtani Halali
Sawa, vyote viwili. Ila usiandike "walitaniana" ukaishia hapo. Andika nani kamwambia nani, neno lenyewe kwa lugha yake, nani alicheka na nani alinyamaza. Msibani angalia mtani anazuia nini na anapewa nini ili aachie. Na mtazame anayetania akinyamaza ghafla: mkwe wake ameingia. Mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown mwaka 1940 aliuweka utani pamoja na kule kuepukana kwa wakwe, kwamba vyote ni njia za kuishi na mtu aliye karibu nawe lakini si wako. Ukiona kimoja, kitafute kingine.

Kabete Juu
Nawaletea kisa kinachotia hofu. Louis Leakey alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kiingereza, akakua na watoto wa Kikuyu, akaongea Kikuyu kama wao, akaingizwa hadi kwenye rika. Aliandika juzuu tatu kuhusu Wakikuyu wa kusini, zilizotoka mwaka 1977 yeye akiwa ameshafariki. Lakini kesi ya Jomo Kenyatta, aliyeshtakiwa na wakoloni kwa kuongoza Mau Mau, ilipoanza Kapenguria mwishoni mwa mwaka 1952, Leakey ndiye aliyekuwa mkalimani wa mahakama. Wakili wa utetezi, D.N. Pritt, akapinga kwamba hatafsiri bila kuegemea upande, na Leakey akajitoa. Lugha ya utotoni anayo kamili, na bado upande mmoja haumwamini.

Mama Chumba cha Tatu
Subhanallah. Hilo sikulijua.

Mpangaji wa Uani
Kwa hiyo aliyekulia humo haaminiki?

Kabete Juu
Sijasema hivyo, mkuu. Mshtakiwa mwenyewe alisoma anthropolojia London kwa Malinowski, mwalimu maarufu wa fani hiyo, akaandika juu ya watu wake, kitabu kikatoka mwaka 1938. Ninachosema: kujua lugha ni jambo moja, kukubaliwa kusema kwa niaba ya watu ni jambo lingine. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika wewe ni mtoto wa nani pale, nani alikuwa mwajiri na nani mpangaji. Msomaji apime.

Nenda Mbali
Mimi nashauri kinyume. Ua wako uache. Malinowski, Mpolandi, alikwenda visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, akajifunza lugha papo hapo, na huko mjomba ndiye mkubwa wa ukoo. Ulichokizoea hukioni.

Kaunta Buku
Kinaonekana ukigawa ukurasa. Kushoto ulichoona na kusikia, kulia unachodhani. Mwenyeji wa uani hujaza kulia na kuacha kushoto tupu, kwa sababu "kila mtu anajua". Andika usiku huo huo. Ukilala, mazungumzo yanageuka muhtasari. Ukirekodi, omba ruhusa kwanza, na saa moja ya sauti itengee saa nne hadi sita za kunakili. Wakichanganya Kiswahili na Kiluguru, ongeza.

Bandari ya Zamani
Na kibali kabla ya yote. Tanzania ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, tume za serikali zinazotoa vibali vya utafiti. Halafu serikali ya mtaa au chifu, na barua ubaki na nakala yake.

Mama Chumba cha Tatu
Shikamoo Kaunta Buku. Mtoto wa kulea, asiyezaliwa humo lakini amekula sufuria moja na wengine, kwenye chati anakaa wapi?

Kaunta Buku
Marahaba, mama. Mchoree mstari wa vidoti kwa waliomlea na mstari kamili kwa waliomzaa. Kisha muulize yeye anamwita nani mjomba, na uandike alivyosema.