Naomba ushauri: kijana anaficha maumivu ili acheze mtoano

Wakuu, habari zenu. Tunaishi Edmonton, Kanada. Mwanangu ana miaka 16, anacheza hoki ya barafu timu ya vijana. (Mimi nimekulia Tanga, barafu naijua ya kwenye juisi, lakini sasa nimeshakuwa mshabiki.)

Mtoano unaanza wiki ijayo na timu imebaki nusu. Mmoja kavunjika mkono, wawili misuli ya kinena, kipa goti. Hoki wachezaji hupokezana uwanjani kila dakika moja hivi, mara nyingi hata haifiki. Wakipungua, waliobaki wanachoka, na aliyechoka ndiye anayeumia. Wameazima vijana wa timu ya chini, bado hawatoshi.

Wangu alibamizwa ukutani siku kumi zilizopita, ubongo ukatikisika. Kurudi kuna hatua sita, kila moja angalau saa 24, dalili zikirudi unarudi nyuma. Mazoezi ya kugongana mpaka daktari aruhusu. Yeye yuko hatua ya tatu na kwangu anasema, "Mama, niko fiti." Juzi usiku nikamsikia akimwambia mwenzake kwa simu kwamba kichwa bado kinamgonga na taa zinamuumiza macho.

Kocha hajamlazimisha, ila kila siku anamuuliza "vipi, lini?" Nikimwambia kocha nilichosikia, mtoto ataniona msaliti. Nikinyamaza, akipigwa tena je?

Waliolea wanamichezo, mlianzaje mazungumzo haya? Niongee naye kwanza au niende moja kwa moja kwa daktari?