Umbali kati ya misimbo ya posta: haversine, ramani ya barabara au jedwali la mkono?

Mzigo_Malindi
Assalaam aleikum wadau. Natuma vifurushi kutoka Malindi (80200) kwenda Kilifi (80108), Mpeketoni (80503) na Lamu (80500). Nataka programu ipange nauli kwa umbali. Nimetumia haversine (fomula ya umbali wa moja kwa moja juu ya uso wa dunia, kutoka latitudo na longitudo), nusukipenyo cha dunia kilomita 6371. Malindi hadi Lamu imenipa 617! Nimekosea wapi?

FundiRamani
Wa aleikum salaam. Latitudo ya Lamu umeiacha bila alama ya kutoa. Malindi ni -3.22, 40.12, Lamu ni -2.27, 40.90. Ukiisahau alama, Lamu inahamia kaskazini, upande wa El Wak, mpakani na Somalia. Irudishe, utapata 137 hivi. Kwetu huku karibu na ikweta hata Pythagoras anatosha: digrii moja ni kama kilomita 111 pande zote mbili.

Binti_Shela
Hiyo 137 ni ya angani. Basi linazunguka Garsen na Witu, zaidi ya kilomita 200 mpaka Mokowe, kisha mzigo unashushwa kwenye boti. Ukilipisha kwa 137 utakula hasara kila safari. Tumia OSRM, programu ya kutafuta njia, na data ya ramani huria ya OpenStreetMap, inafuata barabara yenyewe.

FundiRamani
Kwa nauli, kweli. Haversine mimi naiacha kwa kuchuja tu: nani yuko ndani ya kilomita 50? Haihitaji intaneti na inajibu papo hapo. Waliobaki ndio nawapeleka OSRM.

Jahazi_Pate
Ndugu zangu, msimbo wa Kenya ni wa posta yenye sanduku, si wa mtaa anaoishi mtu. Mteja wangu yuko Siyu, sanduku lake liko Lamu mjini. Kwa msimbo, mzigo umefika. Yeye bado yuko kisiwa kingine, na pale Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari njiani, boti husubiri maji yajae. Mimi nina daftari: kila gati na mstari wake, nauli ya boti, saa ya maji, ujira wa punda mpaka dukani. Halijawahi kuniangusha.

Mzigo_Malindi
Alama nimerudisha, 137 imetoka. Kilifi na Mpeketoni nitatumia OSRM. Lamu naweka jedwali, na fomu ya mteja itauliza gati, si msimbo peke yake. Jahazi, boti ya Siyu mnalipa kwa kilo?

Jahazi_Pate
Kwa gunia. Kifurushi kidogo mkabidhi nahodha mkononi, jina la mpokeaji liandikwe juu kwa herufi kubwa.