Bastola ya 1917 niliyopewa zawadi: niitunze au niiuze?

BintiPangani (Houston)

Habarini ndugu zangu. Naomba mawazo, hasa kwa mlio huku Marekani.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja niliyekuwa naye mpaka mwisho wake alifariki kabla ya Pasaka. Mazishi yalipoisha binti yake akaniita pembeni, akanikabidhi kifurushi na kusema baba aliagiza hii iwe yako. Ndani mna bastola ya Kijerumani, Luger P08, ikiwa kwenye mfuko wake wa ngozi. Juu ina herufi DWM zilizosokotana, za kiwanda kilichoitengeneza, na mbele yake mwaka 1917. Baba wa huyo mzee alikuwa askari wa Divisheni ya 90, ile ya vijana wa Texas na Oklahoma, akaipata Ufaransa mwaka 1918 kwenye mapigano ya Meuse-Argonne.

Najua kwa nini nilipewa mimi. Jumapili alikuwa ananiomba nimletee. Anatandika taulo mapajani, anaifuta taratibu kwa kitambaa cha flana, mikono inatetemeka lakini hakuna pembe anayoiruka. Siku moja nikamweleza kwamba baba wa babu yangu alichukuliwa Pangani, akabebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza vita hiyohiyo ya kwanza ya dunia, wakimfukuza jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, kuelekea kusini, na hakurudi. Mzee akaacha kufuta. Akataka kujua jina lake. Nikamtajia. Tangu siku hiyo kila akiishika bastola analitaja jina la baba yake, kisha la babu yetu. Kwetu nyumbani hakuna kaburi la kwenda kumsomea dua, ila kuna mzee wa Texas aliyekuwa anamkumbuka kila Jumapili.

Sasa mume wangu anasema iuzwe, tuna watoto wadogo. Kaka yangu aliyeko Tanga anasema kitu cha namna hiyo hakitoki kwenye ukoo. Mdogo wetu anasomea unesi na ada inanisumbua. Kuiuza naona kama namgeuzia mzee mgongo, na kuiweka ndani inaninyima usingizi. Mimi nina makazi ya kudumu, gadi kadi, kama hilo lina maana.

MzeeWaDallas

Pole na msiba, dada. Lina maana kubwa. Mwenye gadi kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha. Angekuwa na viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida ingekuwa kosa hata kukaa nayo, kwa hiyo wengine mnaosoma hapa msijipime kwa kesi yake. Texas hakuna daftari la kuandikisha bunduki.

Kabla ya lolote, hakikisha haina risasi. Juu ya P08 kuna kichuma kidogo kinachonyanyuka risasi ikiwa ndani ya chemba, yaani tundu inamokaa tayari kufyatuliwa, na ubavuni mwake pameandikwa GELADEN. Ukikiona kimenyanyuka, usiiguse tena, mwite anayejua. Kikiwa kimelala pia usikiamini peke yake, maana chuma cha zaidi ya miaka 100 kinaweza kukwama. Ipeleke duka la silaha, waambie tangu mlangoni kwamba hujui kama ina risasi, na wao watoe magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini) na kufungua chemba.

Sasa thamani. Bastola hizi zinapigwa namba karibu kila kipande. Namba nzima iko mbele kwenye fremu pamoja na herufi ndogo chini yake, na tarakimu mbili za mwisho zinarudiwa kwenye vipande vidogo. Zikifanana zote, hiyo ni mali. Kipande kimoja kikiwa cha bastola nyingine, bei inaporomoka vibaya. Angalia na kitako cha magazini, kwa mwaka huo ni cha mbao, nacho kina namba. Ya akiba huwekewa alama ya kujumlisha.

Usiing'arishe na usimruhusu fundi aipake rangi upya. Vipande vidogo kama kifyatulio vilitoka kiwandani na rangi ya manjano kama majani makavu. Wanunuzi wanaitafuta hiyo, na ikishafutwa hairudi. Usipige risasi nayo pia. Kipande chenye namba kikivunjika, umeharibu bastola nzima.

Mlezi_StPaul

Mimi nina wasiwasi na kazi yako, shoga. Kampuni nyingi za huduma za wazee zinakataza kabisa kupokea zawadi kutoka kwa mteja, na hii si sanduku la chokoleti. Soma mkataba wako, kisha umwambie msimamizi kabla hajaambiwa na mtu. Mwombe yule binti akuandikie barua yenye sahihi na tarehe: nani alikupa, lini, na kwamba waliosimamia mirathi wameridhia. Kesho akitokea mjukuu anauliza bastola ya babu iko wapi, utakuwa na cha kumwonyesha.

MamaWawili_Phoenix

Mpenzi, uza. Mtoto hajui kama ni ya kale, anaona bastola tu. Mpaka itoke, iwe kwenye kasha la chuma lenye kufuli, ufunguo uwe mwilini mwako. Na Texas ni kosa la jinai kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, naye akaifikia. Mzee alikupenda, asingetaka ukeshe.

Chumbageni

Salaam kutoka nyumbani. Kaka yako asifikirie kuletewa huku. Bastola haiingii nchini kama begi la mitumba: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inadai vibali, na huko Marekani kuitoa ni shughuli nyingine. Tena, babu yetu hakuishika bastola hiyo. Alibeba mzigo. Jina lake ndilo la ukoo, liandikeni mahali.

BintiPangani (Houston)

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno. Tulikwenda dukani mimi na mume wangu. Haikuwa na risasi. Namba zinafanana zote hadi vipande vidogo, na magazini ni yake. Ya akiba haipo.

Msimamizi wangu nimemweleza, barua ya binti ninayo. Huyo binti nilimuuliza kama mjukuu wa mzee aliyeko Oklahoma anaitaka, nikimaanisha nitaipeleka kwa muuzaji mwenye leseni hapa naye aitume kwa mwenzake wa kule, kwa kuwa ni jimbo lingine. Akasema wamekwishaongea, hataki, na kwamba baba yake alinipa ili niamue mwenyewe, hakunipa sharti.

Nimeamua kuiuza, kwa mnada unaoendeshwa na wenye leseni ili mnunuzi achunguzwe. Ila ujumbe wa Chumbageni ulinikaa. Nimemwomba binti aandike barua ya pili ya kwenda na bastola: ilivyopatikana 1918, jina la babu yake, na jina la babu yangu mpagazi wa Pangani aliyetajwa juu ya bastola hii kila Jumapili. Amekubali, na nakala ya barua inakwenda kwa kaka Tanga. Kaka bado hajafurahi, tutaongea. Hela itakayopatikana inaanzia kwenye ada.

MzeeWaDallas, nisaidie hili moja: wenye mnada wanataka niwape bei ya chini ambayo haitauzwa bila kuifikia. Niitaje mimi, au niwatake kwanza wanionyeshe zilivyouzwa nyingine za DWM za mwaka huo zenye namba kamili?