Tovuti ya nyumba za kupanga: tuanzie wapi ili kila mtu aweze kuitumia?

Mhudumu wa wapangaji, Kampala

Ndugu zangu, hamjambo. Nafanya kazi katika kampuni inayopangisha nyumba maeneo ya Ntinda na Kireka. Siku hizi maombi ya nyumba, risiti za kodi na taarifa za uharibifu, kama vile bomba lililopasuka, vyote hupitia kwenye tovuti yetu. Wiki iliyopita alifika ofisini mama mmoja asiyeona, akiongozwa na binti yake wa shule ya msingi, kwa kuwa alishindwa kujaza ombi peke yake. Mtoto yule ndiye aliyesoma kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakingoja, kipato cha mama yake na sababu za kuhama alikokuwa. Jambo hilo limeninyima raha. Mkurugenzi amekubali tovuti irekebishwe, ila fedha ni kidogo. Tuanze na nini?

Msomaji wa Jinja

Dada, asante kwa kuuliza kabla ya kujenga. Mimi sioni, na natumia simu ya Android yenye TalkBack, programu inayonitamkia kila ninachokigusa kwenye kioo. Anzeni na picha. Wapangishaji wengi huandika bei, idadi ya vyumba na namba ya simu ndani ya picha ya tangazo; simu yangu hutamka neno “picha” kisha hunyamaza, nami sijui kama nyumba ni ya laki tatu au ya milioni. Andikeni maelezo hayo kama maandishi ya kawaida. Halafu fomu: kila nafasi iwe na jina lake linalosomeka, maana nimewahi kusikia “sehemu ya kuandikia” mara nane mfululizo, bila kujua ipi ni ya jina na ipi ni ya namba ya kitambulisho.

Lakini linaloniuma zaidi ni mkataba. Wa kwanza niliotia sahihi ulikuja ukiwa kurasa sita zilizopigwa skani, ambazo simu yangu haikuweza kuzisoma kama maandishi, ikabidi nisomewe na karani wa mwenye nyumba. Yaani upande wa pili wa makubaliano ndio uliokuwa macho yangu. Mtumieni mpangaji mkataba ulioandikwa, siku kadhaa kabla ya kutia sahihi, ausome mwenyewe kwa faragha.

Fundi wa tovuti, Mbarara

Naunga mkono. Kipimo kinachofuatwa duniani ni WCAG, yaani mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023; lengeni daraja la AA, lile la kati ya madaraja yake matatu. Mengi ndani yake hayadai fedha. Rangi ya maandishi ya kawaida itofautiane kwa mwangaza na ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, jambo linalomfaa hata mwenye macho mazima anayesoma juani. Wekeni kipanya kando, mjaribu kujaza ombi zima kwa kibodi tu. Mkikwama, na wengine wanakwama papo hapo. Ukurasa wa Kiswahili utambulishwe ndani ya msimbo kuwa ni wa Kiswahili, la sivyo kisoma skrini, yaani programu ya kusoma kwa sauti kama hiyo TalkBack, huweza kuutamka kana kwamba ni Kiingereza. NVDA ni kisoma skrini cha bure kwa kompyuta za Windows. Msinunue programu za kubandika juu ya tovuti zinazodai kumaliza yote kwa siku moja, kwa sababu fomu mbovu hubaki mbovu chini yake.

Dada wa mpangaji kiziwi

Naomba tusiishie kwenye tovuti. Mdogo wangu ni kiziwi, na maji yalipofurika jikoni kwake usiku, njia pekee ya dharura aliyopewa ilikuwa namba ya kupiga. Wekeni namba inayopokea ujumbe mfupi, na awepo mtu wa kuujibu usiku huohuo. Kwenye matangazo, “inafaa kwa walemavu” haitoshi: semeni ngazi ni ngapi, mlango wa choo una upana wa sentimita ngapi, na kama njia ya lango hupitika mvua ikinyesha. Mwenye kiti cha magurudumu ataamua mwenyewe, bila kulipa boda kwenda kukuta ngazi kumi. Mkurugenzi akisita, mkumbusheni kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza ubaguzi katika utoaji wa huduma, na kwamba Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2008.

Mhudumu wa wapangaji, Kampala

Nashukuru sana. Kesho naanza na mkataba na fomu ya maombi, na namba ya ujumbe nitaiombea kibali wiki hii. Nataka pia kumwomba yule mama aijaribu fomu mpya kabla hatujaifungua kwa wote, naye alipwe kwa muda wake kama tunavyomlipa fundi. Je, mwingine aliyewahi kufanya hivyo alipatana vipi malipo?